Ngama Kumi na Tatu

Asubuhi ya Chienge, kwenye ufuko wa Zambia wa ziwa Mweru, huanza kwa mlio wa plastiki ikikwangua mbao. Jua bado limejificha nyuma ya vilima. Waliokwenda kuvua chisense kwa taa wamesharudi, samaki wao wadogo wameanikwa mchangani waking'aa kama vigae vya kioo, na kijana mmoja amebaki ndani ya mashua, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Anateka na kumwaga, anateka na kumwaga, kwa dumu la mafuta lililokatwa shingo. Anatoka Pweto, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo tunaelewana, yeye na Kiswahili chake cha Katanga, mimi na changu cha pwani. Nilimuuliza kama hufanya hivyo kila siku.

"Kila siku, papa," alijibu bila kuinua kichwa. "Njo vile."

Kwetu kazi ile huitwa kufua maji. Chombo cha kufulia ni upo, na mahali maji yanapojikusanya, chini kabisa pa chombo, ni ngama. Mwenye chombo cha mbao huijua ngama yake kuliko anavyoijua mifuko yake. Mashua za Mweru, kama mitumbwi iliyozitangulia na kama dau za kwetu, zina ngama moja kutoka omo hadi tezi. Maji yakiingia mbele yatakwenda nyuma, yakiingia nyuma yatakuja mbele. Tundu likitoboka popote limetoboka kila mahali, na hapo ni mkono wako na upo wako, basi.

Nilipokuwa nikimtazama kijana yule nilikumbuka chombo kilichofukuliwa matopeni mwaka 1974 katika ghuba ya Quanzhou, kusini mwa China. Kilizama zaidi ya miaka 700 iliyopita, na kilikuwa na ngama 13.

Jahazi la Kichina halijawahi kufika Mweru, wala njia ya kulifikisha haipo. Ziwa hili liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Linapokea maji ya Luapula na Kalungwishi, kisha linayatoa pale Pweto kwa mto Luvua, nao Luvua huyapeleka Lualaba, Lualaba huwa Kongo, na Kongo humwagika Atlantiki. Maji ya hapa yameipa mgongo Bahari ya Hindi. Hata hivyo ndani ya ziwa kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, na kwenye pwani ya Kongo uko mji uitwao Kilwa. Mtu wa Nchelenge, mji wa ufukweni upande wa Zambia, akikuambia kesho anakwenda Kilwa, ana maana ya kupanda boti na kurudi jioni. Mimi nikilisikia jina hilo, akili yangu inakimbilia Kilwa Kisiwani, na kwa mtu mmoja aliyeshuka pale mwaka 1331 na ambaye, miaka kama kumi baadaye, aliyaona majahazi ya Kichina kwa macho yake na kutuandikia.

Huyo ni Ibn Battuta wa Tangier. Alipita Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akamsifu kwa ukarimu. Halafu dunia ikamchukua hadi Delhi, na sultani wa huko akamtuma China na zawadi za kifalme. Safari hiyo ndiyo iliyomfikisha Calicut, kwenye pwani ya Malabar, katika miaka ya 1340. Bandarini alikuta vyombo 13 vya Kichina vikisubiri upepo.

Alivigawa mafungu matatu kwa ukubwa, na lile kubwa kuliko yote aliliita junki, neno lililokwisha kuzagaa bandari za mashariki, ambalo Wamalay hutamka jong. Junki moja, anasema, lilichukua watu 1,000, yaani mabaharia 600 na wapiganaji 400. Lilikuwa na sitaha nne, na vyumba vya wafanyabiashara vyenye milango ya kufungwa kwa ufunguo, hata mtu aliweza kusafiri na mkewe asionekane na abiria wengine hadi mwisho wa safari. Mabaharia walikaa humo na watoto wao, wakapanda mboga na tangawizi ndani ya mabeseni ya mbao. Matanga yalikuwa kati ya 3 na 12, yamesukwa kwa mianzi kama mikeka. Wakili wa mwenye chombo alitembea kama amiri.

Ibn Battuta hakuwa mtu wa kuona haya kutia chumvi, na hesabu zake nazichukua kwa kijiko. Lakini kisa kilichomfika Calicut kina harufu ya ukweli, kwa kuwa kinamtia aibu mwenyewe. Vyumba vizuri vya junki vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa na wafanyabiashara wa Kichina, naye akapewa kimoja kisicho na choo. Hakuridhika, akahamishia mizigo na watu wake kwenye chombo kidogo, akabaki nchi kavu kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Usiku bahari ikachafuka. Junki lililobeba zawadi za sultani likatupwa ufukweni likavunjika, na wenye chombo kidogo walipoona hivyo wakatweka tanga wakaondoka zao na kila alichokuwa nacho. Alibakiwa na zulia na dinari kumi.

Ngama nyingi, basi, hazikulizuia junki kuvunjika juu ya mwambao. Zilikuwa na kazi nyingine.

Chombo cha Quanzhou ndicho kinachotueleza vizuri zaidi kuliko msafiri yeyote. Sehemu yake iliyosalia ina urefu wa mita 24 hivi na upana wa mita 9. Sarafu mpya kuliko zote zilizokutwa ndani ni ya mwaka 1271, kwa hiyo kilizama baada ya hapo, katika siku za mwisho za enzi ya Song, wakati majeshi ya Wamongoli yalipokuwa yakishuka kusini. Mji huo Waarabu waliuita Zaitun, na misikiti yake ilijengwa na wageni wa kutoka Ghuba. Chombo kilikuwa kikirudi nyumbani. Kilibeba zaidi ya tani 2 za miti ya kufukiza, pilipili manga, ubani, ambari, na kauri zaidi ya 2,000. Hizo kauri tutazirudia.

Fundi wa pwani yetu akipanda chombo kile angeshangaa mambo mawili kabla hajakaa. Kwanza angetafuta mataruma, zile mbavu za miti iliyopinda ambazo sisi huzifanya uti wa chombo, na asingeyaona kwa wingi aliouzoea. Mahali pake angekuta viambaza 12, kuta nzima za mbao nene zilizosimama kukingama chombo kutoka ubavu hadi ubavu, zikikigawa vyumba 13. Kuta hizo zilifanya kazi ya mataruma, zikashikilia umbo la chombo na kukipa nguvu, na papo hapo zikazuia maji. Jahazi likigonga mwamba likapasuka chumba cha tatu, chumba cha tatu kitajaa, cha nne kitabaki kikavu, na mabaharia watapata muda wa kuhamisha mzigo na kuziba. Marco Polo, aliyesafiri kwa vyombo hivyo mwishoni mwa karne ya 13, alieleza jambo hilo hilo, na akasimulia kwamba wakati mwingine aliyetoboa alikuwa nyangumi mwenye njaa. Wajenzi wa meli wa Ulaya walikuja kulichukua wazo hilo baada ya karne kadhaa.

Jambo la pili ni namna ya kuziba. Pwani tunakalafati kwa pamba iliyolowekwa mafuta, tukipigilia kwa nyundo katika kila mwanya wa mbao, kisha chini ya chombo tunapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Mafundi wa Fujian, jimbo la Quanzhou, walichukua mafuta yanayokamuliwa kutoka mbegu za mti uitwao tung, wakayatwanga pamoja na chokaa ya kome waliochomwa na nyuzi za katani au vipande vya nyavu kuukuu, wakapata uji mzito unaokauka ukawa mgumu kama jiwe. Chokaa na mafuta, kule na huku. Sijui nani alimfundisha nani, na labda hakuna aliyefundisha. Mtu mwenye mbao, bahari na tanuri la chokaa hafiki mbali kabla hajagundua deheni.

Usukani nao Wachina walikuwa nao mapema mno. Kaburi moja la Guangzhou, la enzi ya Han, miaka kama 1,900 iliyopita, lilikutwa na sanamu ya udongo ya jahazi lenye usukani uliofungwa katikati ya tezi, wakati mabaharia wa Mediterania bado walikuwa wakiongoza kwa makasia mawili ya ubavuni. Usukani wa Kichina uliweza kupandishwa na kushushwa kwa kamba. Kwenye maji mengi huteremshwa hadi chini ya mkuku, ukasaidia chombo kisisukumwe upande na upepo, na kwenye maji haba huinuliwa usikwaruze mchanga. Nyingine zilitobolewa matundu mengi, maji yakapenya, mkono wa mshika kana usichoke. Matundu hayo ningependa kuyaona kwa macho kabla sijafa.

Na tanga. Hapa nakiri upendeleo wangu, kwa kuwa nimelelewa chini ya tanga la pembetatu la jahazi letu na silioni la kulishinda kwa uzuri. Lakini kuligeuza foramali usiku, upepo umeshika, ni kazi ya watu wengi na dua nyingi. Tanga la Kichina lina fito za mianzi zilizolala kutoka ukingo hadi ukingo, kila ufito na kamba yake. Upepo ukizidi, unalegeza kamba ya kutwekea, tanga linajikunja lenyewe ufito juu ya ufito kama pazia la dirishani, hakuna anayepanda mlingoti. Likichanika katikati ya fito mbili, sehemu nyingine zinaendelea kuvuta. Wazo lile lile la ngama, likatundikwa juu: gawa, ili hasara ya sehemu moja isiwe hasara ya chombo kizima.

Si majahazi yote yalikuwa ya namna moja. Kaskazini, kwenye mito yenye tope na fukwe za mchanga, walijenga vyombo vya tumbo bapa vinavyoweza kukaa wima maji yakipwa. Fujian na Guangdong, kwenye bahari ya kina, walijenga vyenye mkuku na tumbo lililochongoka chini, omo juu na tezi juu zaidi. Hawa wa kusini ndio waliopenda kupaka macho mawili kwenye omo, meupe yenye mboni nyeusi, ili chombo kione kiendako.

Mtu wa Lamu akisikia habari ya macho atatabasamu, maana mtepe nao ulikuwa nayo. Mtepe ndicho chombo chetu kilichotoweka mwanzoni mwa karne iliyopita. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, omo yake ilinyooka kama shingo ya ngamia, na tanga lake moja la mraba lilisukwa kwa ukindu. Macho kwenye omo, mkeka mlingotini: vyombo viwili vya ncha mbili za bahari moja vikifanana usoni. Ndani havikufanana kabisa. Cha Kichina kilipigiliwa misumari ya chuma kikawa kigumu kama nyumba. Cha kwetu kilishonwa kikawa laini, kikipanda juu ya tumbawe kinapinda, kinapumua, kinashuka. Ibn Battuta alieleza kwamba chombo kilichoshonwa kikigonga mwamba hulegea kikasalimika, penye misumari huvunjika. Malipo ya ulaini huo yalikuwa maji. Mtepe ulivuja mchana na usiku, na katika kila safari kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ni upo tu. Kijana wa Pweto angemtambua mwenzake mara moja.

Vyombo hivyo laini ndivyo vilivyotangulia kubeba mali ya China. Mwaka 1998 wapiga mbizi wa Belitung, Indonesia, walikuta chini ya bahari chombo cha karne ya 9 kilichojaa vyombo vya udongo vya Changsha, kama 60,000. Bakuli moja lilichorwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Chombo chenyewe hakikuwa cha Kichina. Kilishonwa kwa kamba, kwa ufundi wa Ghuba, na sehemu ya mbao zake zilitambuliwa kuwa za mti wa Afrika, ndugu wa mbambakofi wetu, ambao Wazambia huuita mupapa. Vigae vya Changsha vimechimbuliwa Unguja Ukuu, Manda na Shanga. Kwa hiyo sahani ya China ililiwa pwani yetu karne nyingi kabla ya Mchina yeyote tunayeweza kumtaja kwa jina kukanyaga hapa. Ililetwa na Waarabu, Waajemi na Wahindi, na huenda hata na sisi wenyewe.

Hapo ndipo Kiswahili kilipofanya ujanja wake. Lile gamba la konokono wa baharini, jeupe, laini, lenye mdomo wa meno, tunaliita kauri. Na sahani ya China, nyeupe, laini, inayolia ukiigonga kwa ukucha, nayo tunaiita kauri. Waitaliano walifanya hivyo hivyo kwa neno lao. Moja ilitoka baharini kwetu ikaenda China, nyingine ikatoka tanuri la China ikaja kwetu, na neno likakaa katikati likizihudumia zote mbili. Wazee wa pwani walizipachika sahani hizo kwenye nguzo za makaburi. Ukienda Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, au Mambrui, kaskazini ya Malindi, utaona mashimo ya duara pale zilipokuwa, na vipande vilivyoshindikana kung'olewa.

Ndipo Wachina wakaja wenyewe. Mfalme Yongle wa enzi ya Ming alimtuma mwaka 1405 mtumishi wake Zheng He, Mwislamu kutoka Yunnan, mzaliwa wa mwaka 1371, towashi aliyetekwa akiwa mtoto na kukulia jeshini. Safari ya kwanza ilikuwa na vyombo zaidi ya 300 na watu zaidi ya 27,000, idadi ambayo miji yetu mingi ya wakati huo haikuwa nayo hata ukihesabu na mbuzi. Safari zilikuwa saba, ya mwisho ikiisha mwaka 1433. Ile ya tano, kati ya 1417 na 1419, ilifika Mogadishu, Barawa na Malindi.

Wengi husimulia kwamba Zheng He ndiye aliyekuja kumchukua twiga Malindi. Mambo yalikwenda kinyume. Twiga wa kwanza alifika China mwaka 1414 akitoka Bengal, kama zawadi ya mtawala wa huko, na wa Malindi akafuata mwaka 1415, miaka miwili kabla ya jeshi la majahazi kuianza safari ya pwani yetu. Wachina walimwona mnyama mrefu, mpole, mwenye madoa, wakasema ndiye qilin, mnyama wa baraka anayeonekana zama za mfalme mwema. Mfalme aliyenyang'anya kiti cha mpwa wake aliuhitaji sana ushahidi wa namna hiyo. Malindi nayo haikuwa na mjinga. Mji mdogo wenye jirani mkubwa Mombasa ulijua thamani ya rafiki wa mbali. Safari ya tano ilikuwa, kwa sehemu, ya kuwarudisha wajumbe makwao, na jiwe lililochongwa Changle mwaka 1431 linakumbuka kwamba Mogadishu ilitoa punda milia na simba, na Barawa ngamia na mbuni.

Ukubwa wa majahazi yale ni ugomvi usiokwisha. Historia rasmi ya Ming inataja vipimo ambavyo kwa mita ni kama 137 kwa urefu na 56 kwa upana. Mafundi wengi wa meli hutikisa kichwa. Mbao za urefu huo, wanasema, zingejipinda na kuachana kwenye mawimbi ya kwanza. Huko Nanjing, palipokuwa karakana ya Longjiang, ulichimbuliwa mti wa usukani wenye urefu wa mita 11. Ni mti wa jahazi kubwa kweli, ingawa haulazimishi mtu kuamini mita 137. Mimi nasimama na mafundi. Chombo cha nusu ya urefu huo kingetosha kabisa kuwatoa watu wa Malindi majumbani.

Halafu wakaacha. Yongle alikufa mwaka 1424, hazina ilikuwa imechoka, mji mkuu ulikwisha kuhamia Beijing karibu na mpaka wa Wamongoli, na mfereji mkuu uliofunguliwa upya ulichukua nafaka ya serikali bila haja ya bahari. Wafanyabiashara binafsi wa Fujian waliendelea kwenda kusini mashariki mwa Asia, kwa ruhusa au kwa kificho. Pwani yetu ilikuwa mbali mno kwa mtu asiyelipwa na mfalme. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, ilikuwa imepita miaka 65 bila Wachina.

Walichoacha ni kidogo na kinazozaniwa. Sarafu ya Yongle iliyokutwa Mambrui mwaka 2010 na nyingine ya Manda mwaka 2013 zinaonyesha kwamba sarafu zilifika, wala haziapi zilifika mfukoni mwa nani. Huko Pate kuna masimulizi ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo, wakasilimu, wakaoa, wakakaa Shanga. Siwezi kuyakana, familia zinajua zinayoyajua. Ninayemkatalia ni yule anayesema jina Shanga limetoka Shanghai. Wachimbaji wameonyesha kwamba Shanga ilianza karne ya 8, na ilikuwa mji wa mawe wakati Zheng He hajazaliwa.

Merikebu huishia ufukweni, mzigo huendelea kwa miguu. Kule Sanga, kwenye maziwa ya Upemba, magharibi ya Mweru, yamefukuliwa makaburi ya karne nyingi kabla ya Wareno, na ndani ya baadhi yake mlikuwa na kauri za Bahari ya Hindi. Zambia yenyewe ina Ing'ombe Ilede, kando ya Zambezi, ambako wakubwa walizikwa na dhahabu, shanga za kioo na mpande, ile duara inayokatwa kutoka gamba la konokono wa baharini. Kauri za jamaa moja na zile 2,000 za Quanzhou, basi, zilitembea pia kuelekea huku, kutoka mkono hadi mkono, bila mtu mmoja kuifunga safari nzima. Aliyeivaa Sanga hakuwahi kuiona bahari. Aliyeihesabu Quanzhou hakuwahi kulisikia jina la Lualaba.

Watu wa pwani wenyewe walifika baadaye, katika karne ya 19, kwa ajili ya pembe na shaba, na pia watumwa, na hilo halifai kurukwa haraka kama tunavyopenda kuliruka. Muhammad bin Saleh, mmoja wao, alishikiliwa kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Luapula, kwa miaka mingi. Tippu Tip, mwingine wao, alimvunja nguvu Nsama, chifu wa Itabwa, mwaka 1867, na tarehe 8 Novemba mwaka huo huo David Livingstone, aliyekuwa akisafiri kwa hisani ya misafara ya watu hao hao, aliliona Mweru kutoka pembe yake ya kaskazini, si mbali na hapa. Kwenye kisiwa cha Kilwa alijikita mtu aliyejulikana kwa jina la Simba. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Waingereza wakajenga boma Chienge. Kiswahili kilikuwa kimewatangulia, kimekuja kwa miguu kwenye njia ya kauri, na ndicho ninachozungumza na kijana huyu huku akifua maji.

Majahazi ya Kichina hayakufa kwa vita. Yaliuawa na injini, baada ya Vita Kuu ya Pili, mlingoti mmoja baada ya mwingine; mitepe ilikuwa imeyatangulia kutoweka. Zanzibar walijenga mfano wa mtepe ndani ya Beit-al-Ajaib, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Kwa Wachina, mafundi wanaojua kusimamisha viambaza na kuviziba kwa uji wa tung walibaki wachache mno Fujian. Novemba 2010 kamati ya UNESCO iliuandika ufundi huo katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Kamati hiyo ilikutana Nairobi. Kwa hiyo ngama 13 zilipata hati yao ya mwisho kwenye ardhi ya Afrika Mashariki, na sidhani kama kuna gazeti la kwetu lililoliona hilo kuwa habari.

Jioni nilimkuta kijana wa Pweto palepale, akipakia taa na nyavu. Nilichukua kafi lake, ambalo Wabemba huliita inkafi, nikamchorea mchangani chombo cha Quanzhou na kuta zake 12. Alichuchumaa akatazama kwa muda.

"Sasa mayi ikiingia kila chumba kidogo kidogo," aliuliza, "mutu anafua mara kumi na tatu?"

Nilimwonyesha kwamba chini ya kila kiambaza, karibu na mkuku, mafundi walitoboa tundu dogo. Likiachwa wazi, maji ya kawaida hujivuta hadi mahali pamoja yakafuliwa. Chombo kikitoboka, tundu linazibwa, na kila chumba kinabaki na yake. Aliliziba tundu moja la mchangani kwa kidole gumba, akalizibua. Kisha akageuka akahesabu mabenchi ya mashua yake, akafika matatu, akacheka, akaokota dumu lake.